Nyanchoka na Simu ya Marehemu

Mara ya kwanza Nyanchoka alikuja kwenye kibanda changu pale Ogembo siku ya soko, amebeba simu ndani ya soksi ya mtoto wa shule. Alingoja nyuma ya vijana wawili waliotaka kubadilishiwa vioo. Zamu yake ilipofika hakuitoa simu mara moja. Aliniuliza kwanza kama mimi ndiye Gentrix Amolo, yule binti wa kutoka ziwani anayetengeneza simu za watu bila kuwaibia vipuri. Nikamwambia Gentrix ni mimi, na hilo la kuiba awaulize wateja. Hakucheka.

"Ni ya bwanangu," alisema. "Amekufa. Imekaa miezi saba bila kuwaka."

Tulizungumza Kiswahili kwa sababu Kigusii changu kinatosha kununulia ndizi tu, na yeye Kijaluo hakijui hata salamu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo kutoka upande wa Nyacheki, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa majani chai. Mumewe, Ishmael, alikuwa mchonga mawe Tabaka. Alikuwa akikaa huko wiki nzima na kurudi nyumbani Ijumaa kabla jua halijazama ili aanze Sabato na mkewe. Simu ile aliinunua apige picha vinyago vyake na kuwaonyesha wanunuzi. Kuandika hakukuweza sana, basi mambo yake yote aliyasema kwa ujumbe wa sauti. Vumbi la mawe lilimwingia kifuani, akakohoa miaka miwili, akafa.

Betri iliyoachwa sifuri kwa miezi saba hulala usingizi mzito, na nyingine haziamki tena. Nilimweleza hivyo ili asiweke matumaini mengi. Niliifungulia umeme kidogo kidogo, mchana kutwa, naye akakaa kwenye kigoda changu bila kula. Saa kumi hivi skrini ikawaka. Akaniomba nimtafutie mahali sauti zinapokaa. Nilibonyeza ya kwanza niliyoiona, ikaanza na kikohozi, kisha mwanamume akasema neno moja tu la Kigusii kabla Nyanchoka hajaninyang'anya simu. Alienda nayo nyuma ya wauza ndizi. Aliporudi macho yalikuwa makavu.

"Nataka hii isife tena," alisema. "Niambie nifanye nini."

Watu wengi huniuliza swali hilo, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakaenda kulala na simu chini ya mto ikiwa kwenye chaja. Nilimwambia ninayowaambia wote. Usiiache ishuke mpaka izime. Ikifika ishirini, ichaji. Ikifika themanini, ichomoe, haina haja ya kujaa pomoni kila siku. Itoe kava inapochaji, ipumue. Usiiweke juani wala karibu na jiko, kwa maana joto ndilo linaloua betri kuliko kitu kingine chochote. Tumia chaja nzuri, siyo zile za kutandazwa barabarani. Na ukiona imevimba, hata kidogo, usiichaji tena na usiibonyeze irudi. Niletee.

"Na kama sitaitumia muda mrefu?"

"Iache nusu, uizime kabisa. Itakaa."

Nilimwonya pia kwamba betri ya aina ile haiuzwi tena, na hata ingepatikana, imegundishwa ndani. Alinifanya nirudie yote mara tatu, halafu akanirudishia yeye mwenyewe kama mtoto anayesoma fungu la kukariri. Namba hazikumpa shida. Mtu aliyesimama mbele ya mizani ya majani chai miaka thelathini anajua tofauti ya ishirini na themanini.

Nilifika kwake baadaye, nikaona. Nyumba ilikuwa na balbu mbili na soketi moja. Juu ya soketi alikuwa ameandika ukutani kwa makaa: 20, na juu yake 80. Simu ikichaji ililala kwenye sahani tupu ya bati, bila kava, mbali na dirisha, naye alikaa pembeni akipepeta maharagwe au kushona kikapu, akiiangalia. Siku moja maziwa yalifurika jikoni yote yakamwagika kwa sababu ilikuwa imefika sabini na tisa. Radi ikianza kunguruma milimani aliichomoa. Wajukuu wakija likizo, mchezo kwenye simu ya babu ulikuwa mwiko. Wanawake wenzake walimcheka: kwamba Nyanchoka analea simu kama mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Kila mwezi aliniletea niipime. Mwaka mmoja ulipita, betri haikuwa imeshuka karibu chochote.

"Mama, betri yako ina afya kuliko yangu," nikamwambia siku moja. Ndiyo mara pekee niliyomwona akitabasamu mbele yangu, na alifunika mdomo.

Nilidhani anaitunza kwa mapenzi tu, kwa ajili ya kile kikohozi na ile sauti. Baadaye ndipo aliponiambia lililobaki.

Baba mkwe wake alikuwa amewagawia wanawe wawili vipande viwili vya shamba. Ishmael alipata cha mtoni. Nyamweya, mdogo wake, alipata cha juu, penye majani chai yaliyozeeka na kwekwe. Nyamweya alitaka mtoni kwa sababu udongo wa kule ni mzuri kwa matofali, na Ishmael alikuwa na mke anayejua chai. Wakabadilishana. Hawakuandika. Hati yenyewe ilikuwa bado kwa jina la babu yao, kama ilivyo mashamba mengi huku. Nyanchoka akapanda juu, akakata ile michai mizee, akapalilia, akajaza mapengo kwa miche mipya, mpaka kipande kile kikawa kijani cha kupendeza macho. Alifanya hivyo miaka tisa.

Ushahidi pekee wa mabadilishano ulikuwa ndani ya simu. Nyamweya alikuwa amemtumia kaka yake ujumbe wa sauti. Nyanchoka aliniwekea niusikie pale kibandani, akanitafsiria huku akiangalia chini. Alisimama katikati, kisha akamalizia kwa pumzi moja.

"Anasema: Kaka, tumekubaliana. Majani ya kule juu ni yako, mimi nachukua kipande cha mtoni. Hata kama mke wako amekuzalia wasichana tu na huna mtu wa kukurithi, mimi neno langu ni neno."

Nikamwambia, "Mama, hii tusiiache mahali pamoja. Niitume kwa binti yako mmoja, au niiweke kwenye kadi ndogo. Ni dakika moja tu."

"Binti zangu wasikie hayo?"

"Ni ya shamba, mama."

"Wasikie baba yao mdogo anasema hivyo, halafu wasikie baba yao alijibu nini?"

"Alijibu nini?"

Alikunja soksi mara mbili kabla ya kunijibu. "Alisema sawa."

Akasema atakuja siku nyingine tuifanye hiyo kazi ya kadi. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuituma ile sauti kwangu mwenyewe, asijue, na leo ningekuwa nasimulia mambo mengine. Sikufanya hivyo kwa sababu nilimheshimu, na heshima ile haikumfaa kitu.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata udongo wa mtoni ulikwisha. Nyamweya alikuwa ameuchimba wote, akachoma matofali, akayauza, akaacha mashimo ambayo mvua iliyajaza maji. Asubuhi moja Nyanchoka alipanda shambani na kikapu chake akakuta wanawake watatu wanachuma. Aliwasalimu, akauliza wametumwa na nani.

"Nyamweya," mmoja akamwambia kwa haya. "Amesema ni shamba lake alilopewa na babake."

Kesi ikaenda kwa mzee wa kijiji, Ondieki. Nitamsema Ondieki kwa haki: ni mtu mnyoofu. Hajawahi kula rushwa, hata Nyanchoka mwenyewe anakiri hivyo. Ni mzee wa kanisa pale pale anaposali Nyanchoka, na Nyamweya, na mke wa Nyamweya, Tryphosa. Walipoketi mara ya kwanza, Nyanchoka alisimama akasema, "Mimi sina maneno mengi. Sauti yake ninayo." Akaitoa simu kwenye soksi.

Nyamweya hakubabaika. "Siku hizi vijana wa mjini wanatengeneza sauti ya mtu kwa kompyuta," alisema. "Na shemeji kila mwezi yuko Ogembo kwa fundi. Mimi sikatai isikilizwe. Lakini tangu leo isikae kwake wala kwangu. Na asikilize baba mdogo, yeye ndiye atajua kama ni mimi."

Baba mdogo alikuwa ndugu wa baba yao aliyehamia Nyamira zamani, mgonjwa wa miguu. Angefika baada ya wiki tatu. Nyanchoka aliomba waisikilize siku ileile, wote wakiwepo. Ondieki akakataa. "Tukisikiliza leo, watasema tulipanga. Simu itakaa kwangu."

Nyanchoka akamnyooshea simu. Ilikuwa na sitini na tatu. Kabla ya kuiachia alimwambia, "Mzee, iko sawa ilivyo. Izime tu, uiweke kwenye sanduku. Usiichaji hata kidogo."

"Ushahidi nizime?" Ondieki alishangaa. "Ikikataa kuwaka watasema mimi nimeiua. Hapana, mama. Kwangu itakaa inawaka, kila mtu aione ni nzima."

"Fundi alisema ..."

"Mama, mimi nimetunza vitu vya watu miaka thelathini. Hakuna kilichopotea."

Wiki ya pili Nyanchoka hakuweza kuvumilia, akaenda kuichungulia. Aliikuta juu ya kizingiti cha dirisha, imevaa kava lake la ngozi, waya umechomekwa, na jua la saa nane linaipiga kupitia kioo. Chaja haikuwa yake. Ilikuwa ndogo, nyeupe, nyepesi kama ganda la yai. Aliigusa simu, akautoa mkono haraka kwa joto. Tangu siku ile ya kwanza haikuwa imechomolewa.

"Mzee, inaungua."

"Inaungua wapi? Angalia mwenyewe." Ondieki aliiwasha skrini kwa fahari. "Mia kwa mia. Kwako iliwahi kujaa hivi?"

"Ndiyo maana haikuharibika kwangu." Akanyoosha mkono kuuvuta waya.

Ondieki akaushika mkono wake, si kwa ukali. "Usiguse. Ukigusa, Nyamweya atasema umebadilisha kitu, na mimi nitalazimika kusema nilikuona. Ninakulinda wewe mwenyewe."

Nyanchoka alishuka Ogembo siku ileile akanieleza. Niliandika barua kwa Kiswahili cha adabu, nikimwomba mzee aichomoe simu, aitoe juani, aivue kava na kuizima, na nikampa Nyanchoka chaja nzuri ampelekee. Ondieki aliisoma barua yangu yote, akaikunja, akaitia kwenye faili ya kesi pamoja na karatasi nyingine. Chaja aliiweka kabatini ili, alivyosema, asionekane ametumia kitu cha upande mmoja.

Siku nne kabla ya kikao, kioo cha simu kilianza kuinuka pembeni kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Ondieki alifikiri ni gundi ya kava imelegea. Akakata kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akaifunga simu katikati kwa nguvu mpaka kioo kikarudi chini, akairudisha kwenye waya, akaenda kupalilia mahindi. Mkewe alikuwa sebuleni akichambua mboga. Alisikia sauti kama ya nyoka, kisha moshi mweupe, kisha pazia likashika moto. Aliisukuma nje kwa jembe. Kiti kimoja kiliungua. Watu hawakuumia, na Ondieki alimshukuru Mungu kwa hilo mbele ya majirani kabla hajakumbuka simu ile ilikuwa ya nani.

Siku ya kikao aliileta ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Baba mdogo alikuwa amefika kutoka Nyamira, miguu yake imefungwa bendeji, ameegemezwa kwenye mito. Ondieki alivua kofia. Alieleza kila kitu bila kuficha, hata ule mpira wa tairi. Kisha akamimina kilichokuwa mkebeni juu ya meza. Nyanchoka anasema kilifanana na kipande cha ugali kilichoanguka motoni.

Baba mdogo alimgeukia Nyamweya. "Mbele ya Mungu. Ulimwambia kaka yako maneno hayo au hukumwambia?"

"Mimi nasema maneno mengi, baba," Nyamweya alijibu. "Hayo siyakumbuki."

"Simu yako ya wakati ule iko wapi?"

"Niliiuza."

Tryphosa alikuwa ameketi karibu na mlango akiangalia viganja vyake. Wanawake hawakuulizwa lolote. Wazee walitoka nje, wakarudi baada ya muda usiotosha hata kunywa chai, wakasema kwa kuwa hakuna ushahidi wa mabadilishano, kila mmoja arudi kwenye kipande alichogawiwa na baba. Nyamweya juu, nyumba ya Ishmael mtoni. Waliongeza kwamba Nyamweya afukie mashimo. Akakubali kwa moyo mkunjufu. Hayajafukiwa mpaka leo.

Nyanchoka alinijia na laini ya simu ndani ya karatasi, ndiyo kitu pekee kilichopona, kwa sababu alikuwa ameitoa kabla ya kuikabidhi simu ili asikose kupigiwa na binti zake. Niliitia kwenye simu nyingine, nikafungua akaunti ya Ishmael, nikajaribu njia zote ninazozijua. Jina lake likatokea, na ile picha ya kiboko wa mawe aliyokuwa ameiweka. Sauti hazikuwepo. Hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote.

"Hata ile ya kukohoa?" aliuliza.

"Hata hiyo, mama."

Nilimwambia aende kortini, yapo mashirika yanayosaidia wajane. Akasema kufungua mirathi ya babu wa watu aliyekufa miaka arobaini iliyopita kunahitaji sahihi ya Nyamweya pia, na yeye amechoka. Nilimwambia vilevile kwamba kosa si lake, kwamba hakuna mteja wangu aliyewahi kuitunza betri vile. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nitamani nisingesema.

"Nilijua kuitunza," akasema. "Sikujua kuigawa."

Sasa anachuma majani ya watu wengine kwa kibarua. Njia ya kwenda kituo cha kupimia inapita kando ya shamba la juu, naye huipita kila siku na kikapu mgongoni.

Juzi alikuja kununua chaja ya kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, akanisimulia jambo la kanisani. Ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana, miezi michache nyuma, na kabla ya mkate, Waadventista huoshana miguu, wanawake kwenye chumba chao, wanaume kwao. Nyanchoka alikuwa ameketi kwenye benchi amevua viatu, akingoja mwenzake yeyote. Aliyepiga magoti mbele yake na beseni alikuwa Tryphosa.

Hakuweza kukataa mbele ya watu. Akatia mguu majini. Tryphosa aliuosha polepole, kichwa kimeinama, na wanawake wengine walipoanza wimbo, akasema kwa sauti ya chini:

"Alisema. Nilikuwepo. Alirekodi mara tatu kwa sababu mtoto wangu alikuwa analia."

Nyanchoka alihisi maji yamekuwa baridi. "Siku ya kikao ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningelala wapi?" Tryphosa bado alikuwa ameushika mguu. "Nakuomba msamaha. Ndiyo maana nimekuja kwako leo, nisile mkate na hili moyoni."

"Basi kaseme kwa mzee Ondieki. Yuko chumba kile cha pili."

Tryphosa alichukua taulo kutoka begani. Nyanchoka akauinua mguu kabla haujafutwa, akauvalisha kiatu ukiwa umelowa, akatoka nje, akaketi kwenye nyasi pamoja na kina mama wenye watoto wachanga mpaka ibada ikaisha. Kupitia dirishani alimwona Tryphosa akipokea mkate.

Hajashiriki Meza ya Bwana tangu siku hiyo. Mchungaji amefika kwake mara mbili kumwambia uchungu ni dhambi, na mara ya pili alikuja na Ondieki, aliyekuwa akizungusha kofia mikononi muda wote. Nyanchoka aliwapikia chai wote wawili. Neno la Tryphosa hakuwaambia. Nilimuuliza kwa nini.

"Atakana," alisema, akihesabu sarafu za chaja. "Na mimi nitasema nilisikia kwa masikio. Wataniuliza, ushahidi uko wapi?"